MTOTO ASIYESHIBA SI MLOZI

Mafundisho kwa wazazi, wachungaji, mashemasi na waamini wote

Masomo: Yohana 9:1-3, Marko 9:14-29, Kutoka 16:16-20



Leo tunafundisha juu ya mtoto ambaye yumo katika nyumba chache tu, lakini pale alipo wazazi wanalia na majirani wanasema. Ni mtoto asiyeshiba. Unampa bugali na sombe, anamaliza, kisha anatazama sahani ya ndugu yake. Usiku wote mmelala, yeye anaamka, anafunua chungu, anakula sambaza zilizobaki, anakula unga mbichi, anakula hata kilichotupwa. Asubuhi mkimwuliza, anakana. Mkimpiga, halii kama watoto wengine. Mchana katika masomo anasinzia. Ndipo jirani anatoa neno lile baya: mtoto huyu ni mlozi, usiku anaruka na wenzake, na chakula anachokula hakimwingii yeye bali kinakwenda kwa wasioonekana.

Wapendwa, neno hilo likiisha kutoka kinywani haliokoteki tena. Sisi wa Congo tunajua linafika wapi. Tangu miaka ya 1990, katika Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na miji mingine, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Wengi wa wale mnaowaona wakilala sokoni, wale watu wanaowaita mashege, walikuwa na baba na mama. Waliitwa walozi, mlango ukafungwa. Wengine walipelekwa mahali pa maombi, wakanyimwa chakula na maji siku nyingi, wakatiwa pilipili machoni, wakanyweshwa dawa za kutapika. Na waliofanya hayo walikuwa na Biblia mkononi.

Kwa hiyo tusikilize Biblia yenyewe inasema nini.

1. SWALI LA WANAFUNZI NA SWALI LA BWANA

Katika Yohana 9, Yesu na wanafunzi wake wanamkuta mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Hawakuuliza amekula nini leo. Hawakuuliza nani anamshika mkono akienda kisimani. Walitafuta mwenye kosa. Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake, kisha akainama, akafanya kazi ya kumsaidia.

Mwingine atasema: lakini katika Marko 9 kuna kijana mwenye pepo, nanyi mnasema nini? Tusome vizuri. Kabla ya kuamuru lolote, Bwana alimwuliza baba mambo haya yameanza lini. Baba akaeleza: tangu utoto, na mara nyingi kijana huanguka motoni na majini. Bwana akasikiliza. Hakumpiga kijana. Hakumtenga na baba yake. Hakumnyima chakula. Mwisho alimshika mkono, akamwinua. Na pale anapofundisha juu ya maombi, anawaambia wanafunzi. Hata mahali ambapo kufunga kunatajwa pamoja na maombi, wanaoambiwa wafunge ni wanafunzi, si mtoto. Mchungaji anayetaka kufunga, afunge yeye. Mtoto apewe chakula. Hata binti Yairo alipofufuliwa, neno la mwisho la Bwana katika nyumba ile lilikuwa kwamba apewe kula (Marko 5:43).

Basi nasi tuulize swali la Bwana: mambo haya yameanza lini?

2. UGONJWA WENYEWE

Ukimwuliza mama wa mtoto huyu, mara nyingi atakuambia jambo la ajabu: alipozaliwa hakutaka kula. Alikuwa amelegea mikononi kama kitambaa, kilio chake kidogo, hana nguvu ya kunyonya. Mama alikamua maziwa akamnywesha kwa kijiko, au hospitali ilimtilia mpira puani. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea mpaka karibu miaka miwili, alichelewa kusema. Kisha akaanza kula, na mama akamshukuru Mungu. Alianza kunenepa. Na polepole, wengine mapema, wengi karibu na miaka 8, njaa ikawa haina mwisho, na shukrani ya mama ikageuka hofu.

Ugonjwa huu una jina. Waganga watatu wa hospitali katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, waliueleza mwaka 1956. Majina yao ni Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi. Unaitwa sindromu ya Prader-Willi. Ni ugonjwa wa nadra. Unampata mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 30,000 wanaozaliwa, wavulana kwa wasichana, weupe kwa weusi, tajiri kwa maskini. Lakini katika Congo wanazaliwa watoto zaidi ya milioni 3 kila mwaka. Fanyeni hesabu: kila mwaka watoto mia moja na zaidi wanazaliwa nao katika nchi yetu. Wangapi wamepewa jina la ugonjwa wao? Na wangapi wamepewa jina la ulozi?

Unatoka wapi? Mungu aliweka ndani ya kila chembe ya mwili nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi. Zinaitwa kromosomu. Ziko jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Katika jozi ya 15 kuna sehemu moja ambayo ile ya baba ndiyo inayofanya kazi, ile ya mama imelala. Katika watoto kama 70 kwa 100 wenye ugonjwa huu, sehemu ile ya baba imekatika, haipo. Katika wengine, kama 25 kwa 100, mtoto amepata kromosomu 15 zote mbili kwa mama, ya baba hakuipata. Wachache waliobaki wana kasoro nyingine mahali palepale.

Ninyi akina baba, msikie hapa, msije mkasema mama ameleta mtoto wa ukoo mbaya. Nanyi wa upande wa mama, msiseme kwamba baba ameuza mtoto kwa kutafuta mali. Mambo haya hutokea kabla mtoto hajaonekana tumboni, na hakuna aliyeyafanya. Hayakuletwa na chakula, wala na laana ya shangazi, wala na deni la mahari. Na kwa aina hizo mbili tulizotaja, mtoto mwingine kuzaliwa hivyo katika nyumba ileile ni jambo la nadra sana, chini ya 1 kwa 100. Aina zile chache zilizobaki zinaweza kurudi, ndiyo maana ni vema kumwona munganga anayejua.

Kasoro hiyo inagusa sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, inaitwa hipothalamasi. Ndiyo inayosimamia njaa, usingizi, joto la mwili na ukuaji. Sisi tukila, tumbo linapeleka habari kwa ubongo: inatosha. Kwa mtoto huyu, habari ile haipokelewi. Amekula sasa hivi, na mwili wake unamwambia kwamba hajala. Tukiwa na njaa siku mbili, sisi wote tunawaza chakula tu. Yeye amewekwa katika siku hiyo ya pili maisha yake yote.

3. WANAYOYAITA ALAMA ZA ULOZI

Sasa tuzitazame zile alama moja moja, maana ndizo zinazowadanganya watu wetu.

Wanasema: anaamka usiku kula. Ni kweli anaamka. Usiku hakuna anayemzuia, na njaa yake hailali.

Wanasema: mchana anasinzia, maana usiku alikuwa safarini. Wengi wa watoto hawa pumzi yao inakatika katika usingizi, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia kuamka ni dhaifu. Anasinzia kwa sababu ni mgonjwa. Hakuenda mahali popote.

Wanasema: ukimpiga hasikii uchungu. Ni kweli, wengi hawasikii uchungu kama sisi. Anaweza kuvunjika mfupa asilie. Kwa hiyo fimbo haimfundishi kitu. Anayempiga mpaka alie anaweza kumwua kabla ya kumsikia akilia.

Wanasema: tulimpa dawa ya kutapika, hakutapika, basi nyama za watu zimejificha ndani. Wapendwa, watoto hawa hutapika kwa shida sana. Ile dawa mnayomnywesha inabaki tumboni na kumdhuru. Mnamtilia sumu, kisha mnamhukumu kwa sababu hakuitoa.

Wanasema: anajichuna ngozi mpaka damu. Ni sehemu ya ugonjwa. Mkateni kucha, fungeni kidonda, mpeni mikono yake kazi.

Wanasema: ana hasira ya kishetani, anauliza neno moja mara ishirini, mkibadili mpango anajitupa chini. Akili yake hujifunza polepole, na badiliko la ghafula linamtia hofu. Anauliza kwa sababu anataka kuwa na hakika.

Wanasema: tazama mikono yake midogo, ufupi wake, ana miaka 16 na mwili haujakomaa. Ni homoni za mwili zilizopungua. Hazionyeshi kwamba amezeeka katika ulimwengu wa giza.

Wanasema: lakini anaiba na anadanganya, na Amri za Mungu zinakataza. Ndiyo, zinakataza, na tutamfundisha. Lakini Mithali 6:30 inajua tofauti ya mtu anayeiba kwa tamaa na mtu anayeiba kwa njaa. Kama Neno linamwangalia hivyo mtu mzima, sisi ni nani tumpeleke mtoto kwenye moto?

Na hatusemi kwamba kila mtoto anayeshtakiwa ana ugonjwa huu. Mmoja ana kifafa, mwingine anakojoa kitandani, mwingine ni yatima tu ambaye hakuna anayetaka kumlisha. Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye fimbo, njaa au pilipili imemponya.

4. UPENDO, AMRI, KAZI

Kanisa letu limelelewa juu ya maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Tuyatie katika nyumba ya mtoto huyu.

Upendo. Kwetu kupenda ni kumjazia mtu sahani. Bibi akiona mjukuu anaomba, anampa. Jirani anampa andazi. Mama anakata fungu lake. Lakini mtoto huyu akipewa kila anachoomba, atakufa: kwa kunenepa kupita kiasi, kwa ugonjwa wa sukari, kwa moyo na pumzi. Mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko wa wenzake. Na katika sherehe au matanga, akiachwa karibu na vyungu, anaweza kula mpaka tumbo lipasuke. Basi upendo hapa una ufunguo. Fungeni kabati, msimfunge mtoto. Unga, sukari, mafuta, samaki, viwekwe mahali penye kufuli, na mama avae ufunguo. Tena mwambieni mtoto kwa upole kwamba kufuli ni la kumsaidia. Wazazi wengi katika nchi mbalimbali wameona kwamba mtoto akijua hakika hakuna njia ya kupata chakula nje ya saa yake, moyo wake unatulia. Kinachomtesa zaidi ni kubahatisha: leo nimenyimwa, jana nilipewa, labda nikilia sana nitapewa.

Amri. Soma Kutoka 16. Mungu alipowalisha Israeli jangwani, alitoa mana kwa kipimo, pishi moja kwa kila kichwa, kila siku kwa wakati wake. Aliyeweka mpaka asubuhi alikuta funza. Mungu mwenyewe alilisha kwa kipimo, wala hakuna anayesema kwamba hakuwapenda. Nyumba ya mtoto huyu iwe hivyo. Chakula kiwe saa ileile kila siku. Katika nyumba zetu watoto hula pamoja katika sahani moja. Yeye awe na sahani yake, na apakuliwe na mtu mmoja. Asubuhi aambiwe atakula nini na saa ngapi, na usiahidi usichokuwa nacho. Bugali iwe ndogo, lengalenga na sombe ziwe nyingi bila kumwagiwa mafuta ya mawese, maharage kidogo, vinywaji vya sukari visiwepo. Wakimaliza kula, vyungu vioshwe mara moja. Wala chakula kisiwe zawadi ya kumsifu, wala kumnyima kusiwe adhabu.

Tunajua wengine watasema: sisi tunakula mara moja kwa siku, kabati la kufuli tulipate wapi? Ni kweli. Katika nyumba ya maskini mtoto huyu hata hanenepi, na njaa yake inachukua fungu la ndugu zake. Ndiyo maana mzigo huu si wa mama peke yake. Sanduku la bati lenye kufuli linatosha, na jumuiya ya waamini inaweza kulinunua.

Kazi. Misuli yake ni dhaifu, lakini ikikaa bure inazidi kudhoofika. Atembee kila siku. Afagie uwanja wa kanisa, apange viti, amwagilie bustani, ashike mtoto mdogo mtu mzima akiwa karibu. Watoto hawa wengi wana upole, wanapenda wadogo na wanyama, na wengi wana ustadi wa kupanga vipande vidogo na kukumbuka mambo ya zamani. Msimpe kazi ya jikoni wala ya kuuza mandazi sokoni. Huko ni kumtia majaribuni, nasi tunaomba kila siku tusitiwe humo.

5. HOSPITALI

Kwenda kwa munganga si kumkana Mungu. Mwelezeni munganga habari yote tangu kuzaliwa: kulegea, kutonyonya, kisha njaa. Kwa mvulana, semeni kama korodani hazikushuka. Uchunguzi wa damu unaotazama urithi ndio unaothibitisha ugonjwa. Katika Chuo Kikuu cha Kinshasa kuna kituo cha urithi wa wanadamu, na munganga wenu anaweza kuandika huko kuuliza.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haipo bado. Kuna homoni ya ukuaji inayosaidia urefu na misuli, ambayo Marekani iliikubali kwa watoto hawa mwaka 2000. Mwezi wa tatu 2025 nchi hiyo ilikubali pia dawa ya kwanza ya kupunguza njaa yao, inayoitwa diazoksidi kolini. Ni dawa za bei kubwa. Mtu akiwauzia chupa sokoni na kusema itamaliza ulafi, mkimbieni.

Shikeni neno moja ambalo linaweza kuokoa maisha. Mtoto huyu akikataa chakula, au akitapika, au tumbo likivimba, mkimbizeni hospitali saa ileile, hata kama hana homa na halii. Mwili wake hauonyeshi homa wala uchungu kama wa wengine. Kwa mtoto mwingine ni jambo dogo. Kwake ni hatari kubwa.

6. KANISA NA SHERIA YA NCHI

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumwacha na kumtesa mtoto, na inataja wazi kumshtaki kwa ulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamhukumu anayemshtaki mtoto kwa ulozi kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Haisemi isipokuwa mchungaji. Haisemi isipokuwa nabii aliyeona ndoto.

Lakini tusingoje polisi atufundishe. Mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake Nkamba, watu walitupa hirizi na sanamu zao njiani. Walikuwa wameishi katika hofu, kila mgonjwa akimtafuta jirani aliyemroga, na wakaambiwa waiache hofu ile. Tukiiokota leo na kuivika kanzu ya kanisa, tumerudi nyuma. Naye mwenyewe alihukumiwa, akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Watoto wa mtu aliyeshtakiwa bure wanawezaje kumshtaki mtoto bure?

Kwa hiyo, wachungaji, mtoto akiletwa kwenu na neno hilo, msikubali kulisema madhabahuni. Ulizeni swali la Bwana. Mashemasi, msindikizeni mama kwenye kituo cha afya, asiende peke yake. Akina mama, siku ya sherehe mmoja wenu akae na mtoto yule mwanzo hadi mwisho, ili mama yake naye aabudu. Walimu, anaposinzia darasani msimchekeshe mbele ya wenzake. Majirani, msimpe kitu mkononi bila kumwuliza mama. Na sisi sote tuombe. Tuombee mtoto uvumilivu wa kuishi na njaa ile, na wazazi nguvu ya kubeba ufunguo kila siku bila kuuchukia. Mtume Paulo anafundisha katika 1 Wakorintho 12:22 kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Hakusema vikatwe.

Tuombe.

Bwana Mungu, uliyewalisha baba zetu jangwani kwa kipimo, mwangalie mtoto anayeamka usiku huu akitafuta chakula. Zuia mkono uliojiandaa kumpiga. Zuia ulimi uliojiandaa kumpa jina lisilo lake. Mrudishe nyumbani yule aliyefukuzwa, na umpe mama yake watu wa kumsaidia. Utufundishe kuuliza kama Mwana wako alivyouliza, na kunyosha mkono kama alivyonyosha.

Amina.